Tiki ya Saa Nane

Hermenegildi alikuwa anasukumia maji machafu nje ya wodi ya watoto aliposikia Nesi Fausta akimwita kwa jina lake zima. Siku zote alimwita Heme. Katika kituo kile cha afya cha Nambeho, jina zima la mtu lilitajwa kwenye ripoti ya asubuhi tu, na aliyetajwa kule hakurudi kwake na roho yake nzima.

"Hermenegildi! Tupa hilo fagio, njoo huku!"

Alilitupa. Kwenye kitanda namba tisa, kile cha dirishani, mtoto Kija alikuwa amejikunja kama upinde, macho yamegeuka weupe mtupu, meno yamekazana. Degedege. Mama yake, Nyamizi, alisimama kando na bakuli la uji mkononi, uji unamwagikia miguuni naye hana habari. Mama wengine walikuwa wamewavuta watoto wao pembeni kana kwamba degedege linaruka.

"Mshike miguu," Fausta alisema. "Usimbane. Mshike tu."

Alimshika. Miguu ya mtoto wa miaka mitatu, na ilikuwa inamsukuma mtu mzima. Fausta alichoma dawa ya kutuliza, wakangoja. Kidogo kidogo mwili ukalegea. Kija akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo, akalala kama nguo iliyolowa.

Fausta hakupumua. Alikuwa ameshachukua karatasi ya dawa iliyoning'inia kitandani, anaitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Kwinini ya saa nane," alisema. "Ina tiki."

"Basi kapewa."

Fausta alimgeukia. "Heme, wewe ni mgeni hapa?"

Hakuwa mgeni. Alikuwa amefagia wodi ile miaka kumi na tisa, na mambo ya tiki aliyajua kuliko wakaguzi wote waliowahi kushuka kwenye Land Rover wakanywa soda na kuondoka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sindano ya kwinini ya mchana ilipangwa saa nane. Nesi wa asubuhi alitoka saa nane. Na saa nane kasoro dakika tano, Matroni Wilhelmina, mkubwa wa wauguzi, alipita kitanda hadi kitanda na kitabu chekundu kwapani. Akikuta kisanduku cha dawa hakina tiki, anaandika jina. Kesho yake kwenye ripoti jina linasomwa, mwenyewe anasimama mbele ya wenzake, mbele ya karani, mbele ya wafagiaji, anaulizwa kama alisomea uuguzi au ususi. Basi wauguzi walijifunza. Wakawa wanatia tiki kwanza, saa saba na nusu, kisha wanakimbia na trei kuifukuzia ile tiki. Siku nyingi waliifikia. Walichoma mpaka saa tisa, wakaondoka na miguu imevimba, na kitabu kikabaki kisafi, na wakubwa wakafurahi.

Lakini ule ulikuwa mwaka wa El Nino, mwaka tisini na nane. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wakachoka. Vitanda ishirini, watoto arobaini na mmoja, malaria juu ya malaria, na nesi mmoja kwa zamu. Asubuhi ile, kabla ya Fausta kupokea zamu, alikuwa Rosemery, binti wa miaka ishirini na nne, siku yake ya kumi na moja bila kupumzika, kwa kuwa mwenzake alihamishiwa Mlimba na waliomhamisha wakasahau kuleta mwingine. Wakubwa wakisahau hakuna kitabu.

"Nikimchoma, kumbe alishachomwa, moyo unasimama," Fausta alisema polepole, kama anajisomea. "Nisipomchoma, kumbe hakuchomwa, degedege litarudi, na safari hiyo halitaondoka mikono mitupu."

"Tundu la sindano?"

"Tazama mwenyewe."

Mapaja ya Kija yalikuwa chekeche. Siku tatu za sindano, huku na huku.

"Mama," Fausta alimgeukia Nyamizi, "ulimwona nesi akimchoma mtoto mchana huu?"

"Nilikuwa jikoni, napika uji." Kiswahili cha Nyamizi kilikuwa cha juzi, alikuwa amekuja bondeni na mumewe na ng'ombe wao mwaka juzi. "Nesi alikuwa mbio-mbio. Sikuona."

Mganga mfawidhi, yaani daktari mwenye kituo, alikuwa Morogoro kwenye semina ya uongozi bora. Matroni alikuwa amekwenda kula. Fausta alimshika Hermenegildi mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi kama samaki.

"Siwezi kuwaacha hawa. Chukua baiskeli, nenda kwa Rosemery. Muulize neno moja: alimpa, au alitia tiki tu? Nusu saa, Heme. Nikishaona mtoto anaanza tena, nitachagua mwenyewe, na Mungu atajua."

*

Kutoka Nambeho mpaka Kibaoni, alikoishi Rosemery, si mbali kiangazi. Masika yale barabara ilikuwa imekuwa mfereji. Hermenegildi alipiga pedali na tope likampiga mgongoni, na kichwani mwake yale maneno mawili yalikwenda na magurudumu: alimpa, tiki tu, alimpa, tiki tu.

Karibu na daraja dogo akakuta ng'ombe. Kundi zima, pembe kwa pembe, wanavuka taratibu kutafuta mwinuko, maji yakiwa yamefika mbugani kwao.

"Ndugu yangu, nipishe! Kuna mtoto anakufa!"

Mchungaji alimtazama. "Ng'ombe hajui Kiswahili, mzee. Ngoja."

Akangoja. Na alipokuwa anangoja, mguu mmoja chini na jasho likimwingia machoni, ndipo jambo lililokuwa linamfukuza tangu wodini likamfikia. Rosemery alikuwa amepita mbele yake saa nane akitoka. Yeye alimwambia, "Pole na kazi, mwanangu." Binti hakujibu. Hakutoa hata shikamoo. Rosemery, aliyekuwa akimwamkia hata paka wa jikoni! Alipita na macho yake yanatazama kitu ambacho hakipo.

Macho yale Hermenegildi alikuwa ameyaona mara moja maishani.

Mke wake, Brigitha, alikuwa nesi wa wodi ileile. Mwaka tisini na nne, mtoto mmoja alifariki zamu yake, na asubuhi Brigitha akasimamishwa kwenye ripoti kuanzia saa moja na nusu mpaka chai ikapoa. Adhuhuri akampita mumewe na macho yale, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Hermenegildi alipotoka kazini saa kumi aliukuta mlango umefungwa, akasema moyoni, acha apumzike. Akakaa nje akipukuchua mahindi. Kuku walipokaribia dirisha aliwafukuza, wasimwamshe. Jua likazama. Alipoingia, mke wake alikuwa ameshakuwa baridi. Daktari aliandika ni moyo.

Tangu siku hiyo hakuna mtu katika Nambeho ambaye hakuambiwa na Hermenegildi nani alimuua Brigitha. Matroni na kitabu chake. Mganga mfawidhi aliyekaa kimya. Wilaya, mkoa, wizara, mpaka aliyechapisha kile kitabu. Habari ya kuku hakumwambia mtu.

Ng'ombe wa mwisho akavuka. Akapiga pedali kama kijana.

*

Rosemery alipanga chumba kwenye nyumba ndefu ya bati, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Raba zake nyeupe zilikuwa nje, moja imelala ubavu, zimejaa maji ya mvua. Mlango umefungwa. Dirisha limefungwa pia, na joto lile la kuivisha mkate.

"Hodi."

Kimya. Mashine ya mpunga ilikuwa imezimwa, umeme haukuwepo, na kimya kilikuwa kimya kweli.

"Hodi, wenyewe!"

Chini ya upenu kuku wawili wa jirani walikuwa wamejibanza wakikwepa manyunyu. Walimtazama.

"Hodi!"

Hodi ni tatu. Asiyejibiwa ya tatu anageuka anakwenda zake, ndivyo alivyolelewa, na hata mwizi anajua. Alisimama na mkono wake umeinuliwa. Kisha akaupiga mlango kwa kiganja kizima mpaka bati likalia.

"Rosemery! Ni mimi, Heme wa fagio!"

Kitu kilisogea ndani.

"Mwambie Matroni nimelala." Sauti ilikuwa ya chini, imetoka karibu na sakafu.

"Sikutumwa na Matroni."

"Kitabu umekileta?"

"Nikileta kitabu nitakisomaje, mwanangu, mimi niliyeishia darasa la pili tena kwa viboko?"

Hakucheka. Yeye naye hakutegemea acheke, alitaka tu kusikia anapumua. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Kitanda namba tisa. Mtoto wa yule mama Msukuma."

"Amekufa," ilisema sauti ya ndani.

"Hajafa. Amepata degedege. Fausta anauliza neno moja: ulimpa sindano, au ulitia tiki tu?"

"Nikisema, nitasomwa."

"Hapa pana mimi na kuku wawili. Nani atakusoma?"

Akasikia binti anavuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Tiki tu," alisema. "Nilimfikia. Nikavuta dawa kwenye bomba. Mikono ikaanza kutetemeka, nikaogopa sindano itamkatikia pajani. Nikaiweka kwenye trei, nikasema nikitulia nitarudi. Matroni akaingia. Baada ya hapo sijui, baba. Nilijikuta nimesimama hapa mlangoni, sijui nimepita njia gani."

"Basi. Umesema. Hilo tu."

"Haya nenda. Nenda upesi. Mimi niache nipumzike."

Hermenegildi alikuwa ameshainuka, mkono uko kwenye usukani. Jibu analo. Nusu saa inakwisha, mtoto anangoja, na kazi aliyotumwa imekwisha. Niache nipumzike. Kuku mmoja akatoka upenuni, akatembea mpaka chini ya dirisha lililofungwa, akaanza kuparua.

Miguu ilikataa.

"Fungua mlango, Rosemery."

"Nimekwisha kukwambia! Nenda, mtoto atakufa!"

"Fungua twende wote."

"Nirudi kule? Mimi?"

"Wewe."

"Siwezi."

Akaiachia baiskeli ikaanguka matopeni. Akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, naye mwenyewe akasikia anasema jambo ambalo mtu mwenye akili zake asingelisema. "Basi nami siondoki. Mtoto akifa, amekufa sisi wawili tumekaa hapa. Ukitaka achomwe sindano yake, fungua."

Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Binti asipofungua atakuwa ameua mtoto wa watu kwa ukaidi, na hakutakuwa na Matroni wa kumsingizia, wala wilaya, wala wizara. Matone ya upenu yalianguka kwenye raba, moja baada ya jingine. Aliomba, na hakuwa mtu wa kuomba tangu tisini na nne. Brigitha, alisema moyoni, sikukufungulia.

Komeo likalia.

Rosemery alisimama peku, bado kavaa gauni jeupe la kazi. Hermenegildi alichungulia nyuma yake, akaona kilichokuwa kimetayarishwa mkekani, akakifumbia kinywa, na hajakisema mpaka leo.

"Panda nyuma," alisema. "Shika shati, si mimi. Mimi nina mbavu za uzee."

Karibu na daraja Hermenegildi akahisi paji la uso wa binti limelala mgongoni mwake, na shati likaanza kulowana kwa kitu chenye joto, ambacho si mvua.

*

Fausta alikuwa amesimama palepale, bomba limejaa dawa, mkono uko hewani. Kija alikuwa ameanza kutetemeka kope.

Hermenegildi alifungua kinywa. Rosemery akamtangulia.

"Sikumpa," alisema. "Nilitia tiki, sikumpa."

Fausta akachoma. Hakuuliza la pili. Alipomaliza alichukua kalamu, akaipiga ile tiki mstari, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: haikutolewa saa nane, imetolewa saa kumi. Ndipo akamtazama mwenzake, tope mpaka magotini, peku, akasema, "Kaa chini kabla hujaanguka."

Hapakuwa na kiti. Wodi nzima haikuwa na kiti cha nesi, kwa kuwa iliamuliwa zamani kwamba nesi akikaa analala. Rosemery akakaa kwenye mkeka wa Nyamizi. Na Nyamizi, mwenye haki ya kumrarua, akamsogezea lile bakuli lililobaki nusu.

"Kunywa," alisema. "Na wewe mgonjwa."

Hivyo ndivyo Matroni Wilhelmina alivyowakuta. Nesi mmoja sakafuni anakunywa uji wa mgonjwa, tiki imepigwa mstari, mfagiaji anachuruzika tope kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Alisoma karatasi mara mbili. Kitabu chekundu kikafunguliwa.

"Jina," alisema.

Fausta akakaza midomo. Rosemery akaweka bakuli sakafuni, akaanza kuinuka.

"Andika saa nane," Hermenegildi alisema.

"Nimekuuliza wewe?"

"Hukuniuliza, Matroni. Miaka kumi na tisa hujaniuliza. Dawa saa nane. Kutoka saa nane. Wewe na kitabu saa nane. Watatu mnapita mlango mmoja mwembamba, na kila siku kuna mmoja anakanyagwa. Kama ni jina, andika saa nane. Kama ni mtu, anza na mke wangu, nafasi yake bado iko wazi."

"Mfagiaji anifundishe kazi?"

"Sikufundishi. Nakuonyesha palipobaki uchafu."

Mama mmoja kule pembeni alicheka, akajiziba mdomo. Matroni hakucheka. Alikibana kitabu kifuani.

"Mimi nami nasomwa, Heme," alisema kwa sauti ya chini. "Wilayani. Kila mwezi. Mnadhani kitabu hiki nimekitunga mimi?"

Hermenegildi hakumhurumia, moyo wake haukuwa na nafasi hiyo. Lakini aliona Matroni amekifunga kitabu bila kuandika.

*

Kija alipona. Siku ya tatu aliomba wali, ikabidi wamweleze kwamba hospitali si harusi.

Jioni ya siku ile ya tiki Fausta alimpeleka Rosemery kulala kwake, na akawaambia wauguzi wenzake kwamba hatapokea tena wodi kwa karatasi. Wakakubaliana wenyewe, bila barua ya mtu. Anayetoka na anayeingia watembee pamoja kitanda hadi kitanda, wamtazame mtoto kabla ya kutazama tiki. Hakuadhibiwa hata mmoja, kwa kuwa wote wangeadhibiwaje, nani angebaki. Mwezi uliofuata dawa ya mchana ikahamishwa, na zile za asubuhi na usiku nyuma yake, kila moja saa moja mapema, ili nesi anayetoka awe amemaliza. Ripoti ikawa ya kukaa, si ya kusimama. Kiti kikaja wodini, kimoja, mguu mmoja mfupi. Nesi wa pili wa zamu naye akaja, mvua ikiwa imekwisha na watoto wamepungua, kama ilivyo desturi yao wanaotuma watu. Mgeni kutoka mkoani alikuja kupiga picha na kile kiti. Mganga mfawidhi alieleza jinsi semina ilivyomfungua macho. Hermenegildi alikuwa nyuma yao anafagia, na fagio lake lilichafua viatu vya mtu kwa bahati mbaya.

Rosemery alipewa wiki tatu za kupumzika, kisha akarudi. Walipatana jambo moja, yeye na mzee wake: akiingia chumbani mchana, aweke jiwe mlangoni, mlango ubaki wazi. Hermenegildi alibadili njia yake ya kwenda nyumbani, akawa anapita nyuma ya mashine ya mpunga. Jiwe lipo, anapita. Hakupiga hodi, alipiga kengele ya baiskeli tu, na ndani kukajibiwa, "Shikamoo baba!"

Siku moja Novemba, saa kumi na nusu jioni, alipita akakuta hakuna jiwe. Mlango umefungwa.

Baiskeli ilimtoka mikononi. Hakumbuki kuvuka uwanja. Alipiga kwa viganja vyote viwili, hodi zote tatu kwa pumzi moja.

"Nani huyo anabomoa nyumba ya watu?" Mlango ukafunguka. Rosemery alikuwa na mwiko mkononi, harufu ya perege wa kukaanga ikatoka pamoja naye. "Baba? Kuna nini?"

"Jiwe," alisema.

"Mvua inarushia ndani, baba. Tazama mwenyewe, umelowa."

Akajitazama. Kweli alikuwa amelowa chapachapa, na hakuwa amejua kwamba mvua inanyesha.

"Ingia basi ule."

"Nitakaa hapahapa," alisema, akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango ulio wazi, mvua ikimpiga magotini. Kuku wa jirani wakaja kujibanza karibu naye. Hakuwafukuza.